Maombi Tuliyokuwa Tukisimuliana

Wengi hapa Iringa mmeniuliza nilifuata nini China. Jibu la haraka ni suruali za jinzi za duka langu, na ni kweli. Lakini suruali ningeagiza kwa simu, kama nilivyofanya miaka yote. Nilikwenda kwa ajili ya dada Tumaini.

Wanaomkumbuka wanajua kwamba ndiye aliyeanzisha maombi ya alfajiri katika usharika wetu, na ndiye aliyenifundisha kuomba. Alipohamia Guangzhou kibiashara, maombi yale yalibaki mikononi mwangu. Hakuna aliyegombana na mtu. Watu walipungua tu. Huyu mvua, yule safari, ibada ya Jumapili nayo ikawa fupi na matangazo marefu. Asubuhi moja nilisikia kengele, nikageukia ukutani, nikalala tena. Tumaini, kwa upande wake, alikuwa akiniandikia jinsi Waswahili wa kule wanavyokusanyika ghorofani kuomba mpaka viti havitoshi. Nilitamani kuketi tena mahali kama hapo, hata kwa Jumapili moja.

Jumanne nilipanda basi hadi Dar es Salaam, kesho yake ndege, nikabadilisha Addis Ababa. Alhamisi alasiri nilipanda ngazi za kituo cha treni cha Xiaobei, naye alikuwa juu ananisubiri. Amenenepa kidogo, nywele zimeanza kuingia mvi. Alinikumbatia akaniita mdogo wangu, nikasahau uchovu wote.

Anaishi karibu na mtaa wa Dengfeng. Pale watu wanatembea wamebanana, katikati ya maduka ya simu na wabadilisha fedha. Wakongo wanakusalimu kwa Kiswahili chenye Kifaransa ndani yake, na Wazanzibari wanaulizana habari za mizigo. Nilijihisi nyumbani na ugenini kwa wakati mmoja.

Ijumaa alinipeleka Xintang, kwenye viwanda vya jinzi. Nilimwona akibishana bei na laoban, yaani bosi wa kiwanda, kwa Kichina cha sokoni, wote wawili wakicheka. Saa sita kamili kengele ya simu yake ililia. Nilijua ni saa yake ya kuomba, maana aliiweka tangu akiwa Iringa. Aliizima bila kuitazama, akaendelea na bei.

Jumapili asubuhi tulipanda hadi kwenye chumba chao cha maombi, nyuma ya ofisi ya wasafirisha mizigo. Viti vya plastiki vilipangwa kama thelathini. Tulikuwa watu watano. Nyimbo zilitoka kwenye simu, sisi tukifuatisha kwa midomo. Ndugu mmoja Mkenya aliomba kwa haraka, kisha akauliza nani ana nafasi kwenye kontena, na hapo ndipo sauti zilipochangamka. Nilitazama vile viti vitupu nikaumia moyo.

Tuliporudi kwake, alisonga ugali, tukala. Tulipomaliza nilimuuliza.

"Dada, yale maombi uliyokuwa unanisimulia yako wapi?"

Alinawa mikono taratibu. "Yalikwisha, mdogo wangu. Ningejua siku yalipokwisha ningekwambia. Wengine walirudi nyumbani, sisi tuliobaki tukawa tunachoka. Nikaendelea kukuandikia ya zamani, kwa sababu ulikuwa unanijibu kwamba huko mnaendelea. Nikasema, angalau kwao."

Nilitamani kunyamaza, nimwachie aibu peke yake. Nikashindwa. Nikamwambia kwamba nami nilikuwa nikimwandikia ya zamani. Kwamba ukumbi wetu wa alfajiri haujafunguliwa mwaka mzima, na ufunguo ninao mimi.

Alinitazama bila hasira, kama mtu aliyefika mahali akakuta pamefungwa. Kisha akapiga magoti pale pale jikoni, nami nikapiga. Hakuna aliyeweza kuanza. Sisi tuliokuwa tukiomba mpaka jua linachomoza, tulikosa neno. Mwishowe dada alisema tu, "Bwana, tumekukumbuka," akalia, nami nikalia.

Jumatatu, kabla ya kwenda soko la Shisanhang kutafuta magauni, aliwapigia simu wale watatu wa Jumapili. Wawili walisema wana kazi. Yule Mkenya alikuja, akakaa robo saa, akaomba polepole.

Nilirudi Iringa wiki iliyofuata. Kwenye kikao cha wazee wa kanisa waliniuliza habari za China, nikawaeleza haya yote, pamoja na ule uongo wangu. Nilijifunza kwamba kanisa hupoa bila mtu kulizima, kila mmoja akiamini kwamba mahali fulani wapo wengine wanaoomba. Sikumlaumu mtu. Nilisema tu kwamba kesho alfajiri nitafungua ukumbi.

Walipotoka, mchungaji alibaki. Aliniuliza kama anaruhusiwa kuja bila kuongoza. Nikamwambia aje.

Alfajiri ile tulikuwa wanne. Mchungaji alikaa benchi la nyuma amevaa sweta, bila kola wala kitabu. Zamu yake ilipofika alisema hajui aanzie wapi, ni muda mrefu hajaomba hivi.

Hakuna aliyemsaidia neno. Tuliinamisha vichwa, tukamsubiri.