Mara ya Mwisho Fundi Alipoonekana Mzima

Kilichowashangaza watu kwake, kabla hata ya sare na viatu vyake vizito, ni kwamba aliwaomba walio taabani watabasamu. Ndiyo maana madereva wa magari ya wagonjwa walimbandika jina la Mama Cheka, ingawa mwenyewe kucheka alicheka kwa nadra.

Mchana ule, akiwa zamu kama mhudumu wa gari la wagonjwa, aliitwa nyumbani kwa fundi cherehani. Fundi alikuwa sakafuni, ameegemea mguu wa meza, na suruali ya mteja ingali imebanwa kwenye cherehani. Mkewe alipiga magoti kando yake na kikombe cha maji ya sukari.

"Usimnyweshe kitu, dada, kitampalia." Mama Cheka akachutama. "Fundi, hebu nichekee kidogo."

"Mtu yuko hoi, unamwambia acheke?" mke akafoka. "Umekuja kutibu au kufanya mzaha?"

Fundi alijaribu. Upande mmoja wa mdomo ulipanda, wa pili ukabaki umelala. Alipoambiwa anyooshe mikono, wa kulia ulishuka taratibu kama kitambaa kinachoteleza mezani. Alipotaka kusema, alitoa mkoromo tu. Mama Cheka akamtoboa kidole kupima sukari, ilikuwa sawa. Basi hapakuwa na ubishi: kiharusi.

Garini, king'ora kikilia, akauliza, "Dada, mara ya mwisho ulimwona mzima lini?"

"Sasa hivi tu! Kaanguka, nikapiga simu."

Mama Cheka akaitazama suruali ya fundi. Ilikuwa imelowa mkojo, na pembeni ilikwisha kukauka. Shavuni palikuwa na alama za mkeka, zimezama.

"Ndugu yangu, nisikilize. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Muda wake wa saa chache ukipita, dawa hiyohiyo inaweza kumvujisha damu kichwani. Ukinificha, atakayeumia ni yeye."

Mke akainama.

"Alfajiri alilalamika mkono mzito," alisema hatimaye. "Nikamcheka. Nikamwambia, kila kazi za watu zikikusubiri, mkono wako unakuwa mzito! Nikaenda zangu sokoni. Nimerudi nimemkuta amelala mkekani, nikamwegemeza mezani."

Mama Cheka akachukua simu, akaiarifu hospitali: dalili zilianza alfajiri. Dereva akamtupia jicho kupitia kioo.

"Umemnyima mume wangu dawa," mke akanong'ona. "Ulishindwa nini kuwaambia kaanguka sasa hivi?"

Neno hilo lilimchoma Mama Cheka. Alijua amefanya sawa, na kujua huko hakukumpunguzia kitu. Akaushika mkono wa fundi uliolegea, akauweka vizuri juu ya kifua ili usining'inie.

Hospitalini, daktari alisema bila kuzunguka. "Dawa ile imeshachelewa. Lakini picha ya kichwa ikionyesha kuna sehemu ya ubongo ambayo bado haijafa, tunaweza kujaribu kuuzibua mshipa wenyewe. Ikionyesha vingine, itabidi tumwangalie tu. Subirini hapa."

Wakakaa kwenye benchi. Mke alisogea mbali, akaacha nafasi ya mtu mzima katikati yao. Dereva akachungulia kutoka nje.

"Mama Cheka, tunaitwa kwa mgonjwa mwingine."

"Nakuja, kaka. Kidogo tu."

Mke hakugeuka, ila mkono wake ulisogea juu ya benchi mpaka ukaipata sare, ukaishika pindo. Mama Cheka hakuinuka. Mbele yao, juu ya mlango wa chumba cha picha, taa nyekundu ilikuwa bado inawaka.