Rula ya Bi Nukta

Pale maabara walimwita Bi Nukta, na hakukasirika, maana kazi yenyewe ilikuwa ni nukta tupu. Unaingizwa kwenye chumba cha giza, kidevu unakiegemeza kwenye kibao, macho unayakaza mbele bila kuyahamisha, halafu vinukta vya mwanga vinachomoza huku na kule, vingine hafifu hadi unajishuku. Ukikiona kimoja, unabonyeza kitufe. Mwisho mashine inakuchorea ramani ya unachokiona na usichokiona. Kazi ya kuchosha, lakini aliifanya miaka ishirini na miwili, akaipenda kuliko wachumba wawili waliopita njia.

Chanzo chake kilikuwa baba. Mzee huyo, fundi makabati, alipofika miaka hamsini alianza kupigana vikumbo na milango. Watu wakasema amezidisha ulevi. Jirani akanuna kwamba hasalimiwi tena. Kumbe ilikuwa presha ya macho, ugonjwa unaokula nuru pole pole kutoka pembeni, bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Dawa ya matone ingeuzuia ugonjwa ule kama ungegunduliwa mapema. Haukugunduliwa, na binti akasoma kwa hasira hadi akakabidhiwa chumba chake cha giza.

Sasa, watu wa kazi hii wana mazoea yao: mtafiti hujipima kwanza mwenyewe kabla ya kumkalisha mgeni. Bi Nukta alijipima kila Jumatatu asubuhi, hata mafua yakiwa yamembana. Miaka sita iliyopita ililetwa mashine mpya, ikahitaji kufundishwa jicho zima linaonaje. Akaipa Jumatatu zake zote, na akaiagiza iendelee kujirekebisha kwa kila Jumatatu ijayo. Nani mwingine alikuwa na vipimo vingi namna hiyo? Alijiona mjanja kweli kweli, na kwenye mkutano wa wataalamu wenzake walimpigia makofi.

Ikaja Jumapili moja mchana, yuko kwa mdogo wake, dereva wa lori. Wifi yake aliwawekea vikombe vya chai, kila mmoja chake, upande wa kushoto, akarudi jikoni. Alipotoka tena, chai imepoa na ndugu wawili wanapiga soga.

"Nyie vipi, mmesusa chai yangu?"

"Chai ipi?" wakauliza kwa pamoja.

Wifi akacheka hadi akashika mbavu. "Jamani, maringo ya ukoo huu! Si hiyo hapo mbele yenu?"

Dereva naye akaangua kicheko. Bi Nukta hakucheka. Aligeuza shingo akakiona kikombe. Akarudisha macho mbele, kikapotea. Mahali pake hapakuwa na giza wala kivuli, palikuwa na kitambaa cha meza tu, kimenyooka vizuri.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alijituliza. Ramani yake ya Jumatatu iliyopita ilikuwa safi, haina doa. Basi ni uchovu. Alikuwa anatafuta ufunguo kwenye mkoba wazo lilipomjia, akasimama mlangoni: ramani ile mashine iliilinganisha na macho ya nani? Na yake mwenyewe.

Kesho yake alimwomba fundi wa mitambo amtolee stoo mashine ya zamani, ile yenye majedwali yaliyochapishwa, yasiyobadilika. Fundi alikuwa mtu wa utani.

"Mbona hubonyezi, Bi Nukta? Umesinzia?"

"Rudia."

Alirudia mara tatu, na safari ya tatu hakuwa na utani tena. Kwenye karatasi, chini kushoto, palikuwa na shimo, katika macho yote mawili.

Aliogopa, na tusimsingizie ushujaa. Lakini hofu ya macho yake ilidumu kama robo saa tu, kwa kuwa nyuma yake ilikuja kubwa zaidi. Miaka yote hiyo macho yake yalipofifia, mashine ilikuwa ikififia pamoja naye. Alikuwa anawapimia watu kwa rula inayosinyaa. Kila aliyekuwa na shimo kama lake aliambiwa ni mzima, akapewa karatasi. Waliopimwa kwa mashine ile walikuwa watu mia nne na kumi na wawili. Mmojawapo, miaka miwili iliyopita, alikuwa dereva wa lori, na sahihi kwenye karatasi ile ilikuwa ya dada yake.

Fundi alifunga mlango. "Tuirekebishe leo leo, mama. Kimya kimya. Nani atajua?"

Ukweli ni kwamba Bi Nukta alilifikiria shauri hilo. Aliona jina lake likichekwa na wale wale waliopiga makofi, aliona chumba chake kikipewa mtu mwingine. Alilifikiria kwa muda ambao baadaye aliuonea aibu.

"Niletee orodha," akasema. "Na simu yangu."

Mdogo wake alikuwa yadi, wanampakilia saruji, na kelele za vibarua zilisikika nyuma yake. "Dada, sema haraka, naondoka sasa hivi."

"Usiondoke. Mpe mwenzio funguo za gari."

"Kuna msiba?"

"Hapana. Ile karatasi ya macho niliyokupa. Nilikosea. Nahisi una ugonjwa wa baba, na mimi ninao. Njoo nikupime upya, usiendeshe hata hatua moja."

Alingoja matusi. Aliyataka, yangempunguzia. Kelele za yadi zikapungua, ina maana alikuwa amejitenga pembeni.

"Mwaka mzima sasa watu wananitokea ghafla kushoto," akasema taratibu. "Juzi nusura nimgonge mama mmoja na mwanawe mgongoni. Nikafika nyumbani nikaitoa karatasi yako, nikaisoma tena. Nikajiambia, Dada kasema naona, basi naona."

Bi Nukta aliikaza simu sikioni. Alisikia funguo zikikabidhiwa, kisha pumzi za mdogo wake, akisubiri aambiwe la kufanya.