Mwaka niliotazama sumo Riyadh na mzee aliyekataa kuinuliwa

Wakuu, heshima zenu popote mlipo. Hii si story ya kutunga. Na kama umefungua uzi ukitafuta yale ya mateso ya Saudi, leo sina. Hayo yako mengi humu, na mengi ni kweli kabisa, siwezi kuyabisha.

Yangu ni ya sumo.

Ndiyo, sumo. Wale wanaume wanene wa Japani wanaofunga kitambaa kiunoni na kusukumana kwenye duara. Cheka kwanza, nakungoja.

Mimi ni Mkenya, mama wa watoto wawili, kwetu ni Kakamega upande wa Ikolomani. Nafanya kazi ya nyumbani Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi. Nilipofika nilidhani nimeletwa kupika na kufua. Kumbe madam alinitafuta kwa sababu ya baba yake.

Baba yake anaitwa Mzee Seif, na hapa ndio mtashangaa: mzee ni mtu wa Unguja. Familia yao ilitoka huko mwaka wa sitini na nne yeye akiwa mtoto, wakatulia Jeddah. Kiswahili chake ni kile kitamu cha kwao. Madam anakielewa lakini anajibu kwa Kiarabu. Kwa hivyo mimi nilipoingia, mzee alipata mtu wa kuongea naye, na wa kugombana naye pia.

Alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wa kushoto haukuwa na maana tena. Kabla ya hapo alikuwa anaishi peke yake kwenye nyumba yake kule Jeddah, mtaa wa Al-Mahjar, mkewe akiwa ameshafariki. Madam akamchukua, akamleta Riyadh.

Mzee hakutaka Riyadh hata kuisikia. Asubuhi "nnataka kwangu," jioni "nnataka kwangu."

Mtoto wake wa kiume, Nassor, anaishi hukohuko Jeddah. Yeye aliweka sharti mbele yetu sote. Mwaka ukiisha na mzee anaweza kusimama mwenyewe bila kushikwa, atarudi kwake. Akishindwa, nyumba ya Al-Mahjar inatolewa kwa watu wengine na mzee anabaki Riyadh moja kwa moja. Mzee alikubali. Nilimwona uso, alikubali kwa sababu hakuwa na lingine.

Sasa shida ilikuwa hii. Mguu wake ulikuwa umerudiwa na nguvu ya kutosha, physio wake wa mazoezi ya viungo alikuwa akisema hivyo kila akija. Lakini nikimshika kumwinua, analegea makusudi. Kilo zote ananitupia mimi. Mimi nami nina mikono ya kulima, namshika kwapani, "yalla mzee, moja, mbili, tatu!" namnyanyua juu.

"Weye! Nani kakwambia miye gunia?"

Ndio maisha yetu huku, jamani. Madam anasema yalla, yaani haya haraka, watoto yalla, dereva yalla. Ukikaa miezi michache unajipata ukiiambia hata sufuria yalla.

Sumo niliikuta kwake Januari. Zamani mzee alikuwa karani bandari ya Jeddah. Meli za magari zikitoka Japani, yeye ndiye alikuwa anapanda na makaratasi. Akingoja sahihi, mabaharia wanamkalisha mbele ya TV na kikombe cha chai, wanamwekea mkanda wa sumo. Hapo ndipo alipoingiwa na ugonjwa huo, na hajapona mpaka leo.

Kwa ambao hamjui: mashindano makubwa ni sita kwa mwaka. Januari, Machi, Mei, Julai, Septemba, Novemba. Kila moja ni siku kumi na tano, na mtu anapigana mara moja tu kwa siku. Ukishinda mara nane, uko salama. Ukikosa nane, unashushwa cheo. Ukiumia ukakaa nje, unashushwa vilevile, hakuna kuhurumiana. Huku kwetu inaonyeshwa asubuhi, baada ya chai.

Januari nilikuwa napiga pasi nyuma yake huku nakereka. Hawa watu wanachuchumaa, wanasimama, wanarudi kona, wanamwaga chumvi, wanakodoleana macho, wanarudi tena kujipangusa. Halafu pigano lenyewe linaisha kabla hujageuza shati.

"Mzee, si waanze tu?"

"Kwani weye una haraka ya kwenda wapi?"

Moyoni nilimjibu vizuri sana.

Machi ikakutana na Ramadhani. Ramadhani huku nyumba nzima inalala asubuhi. Mzee hafungi kwa sababu ya dawa, mimi ni wa kanisa, basi tulikuwa sisi wawili tu macho. Hakuna wa kuniita. Kwa mara ya kwanza nikakaa chini nikatazama kweli.

Nikamuuliza, "Mzee, ni nani anapuliza filimbi?"

"Hakuna filimbi."

"Sasa wanajuaje kuanza?"

Akanieleza. Refa anaweza kuwaambia muda umekwisha, lakini kuanza ni wao wenyewe. Kila mmoja anaweka ngumi zake chini. Mpaka mikono ya wote wawili iguse udongo, wote wavute pumzi, ndipo wanarukiana. Mmoja akiwa bado, hakuna mchezo.

Wakuu, mimi nimekua nikishabikia mapigano ya mafahali. Kule Ikolomani watu watapiga ngoma za isikuti, watapiga kelele mpaka sauti ziishe, lakini fahali anaanza akiwa tayari, na yule mwenzake pia. Hilo nalijua tangu utotoni. Na bado huyu mzee nilikuwa namnyanyua kila siku bila kumngoja hata dakika moja. Niliona aibu, nikaenda jikoni nikajifanya naosha vikombe.

Alipotaka kwenda chooni, sikumshika. Nilichuchumaa mbele ya kiti chake, nikaweka ngumi kwenye zulia, nikamtazama.

Akanitazama kana kwamba nimeingiwa na pepo. Halafu akacheka! Alicheka mpaka akakohoa.

Alipomaliza kucheka akainama. Akaweka mkono mzima kwenye goti. Kisha akauchukua ule mbovu kwa ule mzima, akauweka kwenye goti la pili, akautuliza vizuri. Tukavuta pumzi. Tukainuka pamoja, mimi nikimshika mikono tu.

Hakulegea hata kidogo. Physio alipoambiwa alifurahi sana, kumbe kuinama mbele namna ile ndiko alikokuwa anamwomba tangu mwanzo, mzee anamkatalia.

Toka hapo ikawa ndiyo njia yetu. Mei mzee akadai na chumvi, eti hawezi kuanza bila chumvi. Nikawa namwekea kidogo kwenye kisahani. Madam akaikuta kwenye zulia. "Wesh hadha?" Yaani, nini hii? Nikachukua ufagio, wakuu. Utamwambia mwajiri nini, kwamba baba yako na mimi tunacheza sumo?

Tulikuwa na mtu wetu pia. Tulimwita Kijani kwa rangi ya kitambaa chake, mwanamume wa makamo, goti limefungwa bandeji. Mei akaumia akatoka, cheo kikaporomoka hadi daraja la pili. Mzee alinuna siku mbili kwa ajili ya Kijani.

Julai mzee alikuwa anasimama nikiwa nimemshika mkono mmoja tu. Nikaanza kuona hiyo safari ya Jeddah kwa macho.

Halafu Septemba.

Nassor akaja kutoka Jeddah kuona maendeleo. Sebule ilijaa: madam, mumewe, watoto, Nassor ameshika simu ya kurekodi. Nikachuchumaa. Mzee akainama, akaweka mkono mzima kwenye goti. Akaanza kuuchukua ule mwingine, taratibu, kama kawaida yake.

Nassor akachoka kungoja. "Yalla ya baba, yalla!"

Mimi kusikia yalla, mwili ukainuka wenyewe. Haki ya Mungu sikufikiri. Nikamvuta. Mzee hakuwa tayari, akaja upande, akagonga ukingo wa meza, akaanguka.

Kelele zilizotoka hapo! Tulipomrudisha kwenye kochi, Nassor akasema halas, habari ya Jeddah imekwisha, amethibitisha kwa macho yake. Madam akanigeukia: kafungashe, kesho unarudi ofisini kwa wakala.

Mlio Ghuba mnajua kurudishwa ofisini ni nini. Unakaa kwenye godoro na begi lako, unangoja nyumba usiyoijua na watu usiowajua. Nililia palepale, sikujali nani ananiona.

Mzee akasema, "Haihesabiwi."

Hakuna aliyeelewa ana maana gani. Akarudia kwa Kiarabu, anatweta, ameshika ubavu. Kwamba katika sumo mtu akiinuka kabla mwenzake hajaweka mikono, pigano hilo limekufa. Hakuna aliyeshindwa. Wote wawili wanainamisha vichwa kuomba radhi, wanarudi mwanzo.

"Wote wawili," akasema, akanyoosha kidole kwangu na kwake.

Kisha akaniinamia kichwa.

Wakuu, mzee wa umri ule, mbele ya watoto wake, mbele ya mkwe wake, aliniinamia mimi mfanyakazi wa ndani. Na hakukiinua haraka. Sikujua uso niuweke wapi. Nami nikainama, machozi yanadondoka kwenye zulia.

Madam alitoka akaenda jikoni. Nilimsikia amefungua maji, na nilijua haoshi chochote.

Niseme ukweli, lile neno "wote wawili" liliniuma kwanza. Yeye hakuwa amefanya kosa lolote, na hata kama lingekuwa lake, wa kurudishwa ofisini ningekuwa mimi. Lakini baadaye nilielewa kwamba kama angesema kosa ni la Nassor, Nassor angekasirika na tungepoteza vyote. Mzee alilibeba nusu ili nisilibebe lote.

Sikurudishwa. Nassor alisema atangoja mpaka mwaka uishe. Madam alikaa muda bila kuniongelesha zaidi ya "fanya hiki, fanya kile."

Oktoba hakuna sumo, na ulikuwa mwezi mbaya. Mzee aliingiwa na hofu. Anaweka mikono magotini, anavuta pumzi, hainuki. Nami nachuchumaa pale magoti yananiwaka. Siku moja maharagwe yaliungua nikimngoja, nikagombezwa. Nilisikia kabisa mkono unataka kumnyanyua, yaishe. Nikaukataza.

Novemba mashindano yakarudi. Kijani, kule daraja la pili, alishinda saba na kupoteza saba. Siku ya mwisho akihitaji moja tu, akasukumwa nje kama mlango. Niliwasema Wajapani wote siku hiyo. Mzee akachukua rimoti. "Januari yupo," akasema, akazima.

Kisha akaniita. Nikachuchumaa kama kawaida.

"Rudi nyuma."

Nikarudi.

"Tena."

Nikarudi mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Akaweka mkono mmoja. Akauleta wa pili. Akakaa hivyo kitambo mpaka nikaanza kuomba kimoyomoyo. Akainuka. Peke yake, katikati ya chumba, anatikisika, lakini yuko juu. Nilipiga kigelegele mpaka watoto wakaja mbio.

Nassor alipokuja tena, nilimwomba madam kitu kimoja: mtu yeyote asimharakishe. Ni madam mwenyewe aliyesimama mlangoni, kidole mdomoni, akawanyamazisha wote pamoja na kaka yake. Mzee alichukua muda wake wote. Akasimama. Nassor akaenda akambusu babake kwenye paji la uso.

Desemba tukaenda Jeddah, mzee sasa akijikongoja kwa fimbo. Mimi nilipewa siku chache tu za kumfundisha mpwa wa mzee atakayekaa naye, kisha nirudi Riyadh, maana kafili wangu, yaani mdhamini, ni mume wa madam, na ikama yangu, kibali cha kuishi, iko huko. Nilijua tangu mwanzo kwamba mzee akifaulu mimi nitampoteza. Kujua hakukusaidia.

Siku ya kuondoka teksi ikaja. Nilimuaga mzee sebuleni, nikambusu mkono, nikachukua begi langu. Nikiwa kwenye ukumbi nikasikia fimbo nyuma yangu.

"Mzee, rudi ukae. Njia naijua."

"Ala! Mgeni wangu atoke peke yake?"

Wakuu, mimi nchi hii nimeingia na kutoka nyumba za watu nikibeba takataka, nikifuata watoto, nikiitwa. Hakuna aliyewahi kunisindikiza.

Alinisindikiza. Ukumbi mzima, kizingiti, ngazi mbili za nje, mpaka getini, kwa miguu yake. Nilitembea mwendo wake. Mpwa alitaka kumshika, akamkataza. Tulipofika alikuwa amelowa jasho, akaegemea nguzo ya geti, akasema, "Haya mwanangu, fika salama." Akabaki amesimama pale mpaka teksi ikakata kona. Nililia mpaka uwanja wa ndege.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilikuwa naamini kwamba kazi nzuri ni ile ya haraka, na kwamba kumpenda mgonjwa ni kumbeba. Siku hizi nikipiga simu nyumbani, binti yangu akinyamaza, sijazi ule ukimya kwa maswali. Nangoja. Juzi baada ya kunyamaza sana alianza kulia, akaniambia jambo ambalo lilikuwa halijamtoka tangu nilipoondoka. Hilo ni letu, sitaliandika hapa.

Haya, uwanja ni wenu. Mliouguza mzazi wa kiharusi, mlikuwa mnamwinua vipi? Na wale wa kuniuliza kwa nini bado niko Saudi, ulizeni tu, nitawajibu nikiwa tayari.