Wageni wa Goti la Mannoubia

Mama mkwe wangu, Mannoubia, aliporudi kutoka hospitali na goti jipya, mtaa wetu mzima hapa mjini El Kef ulikuja kulitazama.

Daktari alikuwa ametueleza. Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, lilikwisha, mfupa ukawa unasaga mfupa. Alikata ncha za mifupa, akazivika chuma, katikati akaweka plastiki ngumu. Chuma hakina shida, alisema, shida ni nyama. Ndani kovu linaota, na likikomaa kabla goti halijazoea kukunjwa, litalishika kama gundi. Jumatatu likiwa halijakunjika hata kama kona ya meza, atampa tena dawa ya usingizi alikunje kwa nguvu.

Mama aliiogopa dawa hiyo kuliko kisu. Dada yake alipewa, hakuamka.

Zoezi lenyewe ni kukaa kitini, unyayo juu ya taulo, kisha kuuburuta nyuma mpaka machozi yatoke. Lakini kila akianza, mlango unagongwa. Wageni na yogati zao, ndizi, biskuti. Mama hunyoosha mguu upesi, anavuta blanketi, anatabasamu. Kulia mbele ya watu hajui. Mimi nachemsha chai, mwanangu Eya yuko kifuani ananyonya.

Ijumaa goti lilikuwa gumu kama bawaba yenye kutu. Nikafunga mlango kwa ufunguo.

Haukupita muda, akagonga Dalenda, jirani yetu, shoga wa mama tangu usichana.

"Wassila, fungua mwanangu. Nimeleta supu."

"Shangazi, mama yuko kwenye mazoezi. Njoo wiki ijayo."

"Mazoezi? Anaingia jeshini?" Akacheka peke yake. Alipoona sifungui, akasema, "Haya. Mwambie Mannoubia nyumba yake imepata bawabu."

Mama alikuwa amesikia yote.

"Umenifungia watu wangu."

"Nimewafungia, mama. Vuta mguu."

"Huna haya wewe."

"Sina. Vuta."

Akavuta. Akatoa mlio ninaoujua, niliutoa mwenyewe nikimzaa Eya. Mtoto akashtuka, wakalia wote wawili. Sikufungua mlango siku ile, wala Jumamosi, wala Jumapili.

Jumatatu daktari akapima. Goti lilikuwa limepita kona ya meza, kidogo tu. Kuchuchumaa na kukaa chini kwa kukunja miguu, alisema, asahau.

Mama aliuliza neno moja. "Hamnilazi kwa dawa?"

"Hatukulazi."

Sasa mlango uko wazi kutwa. Leo asubuhi mama alikaa kwenye kiti akitazama njia, kisigino amekirudisha hadi chini ya kiti. Aliniambia niweke vikombe viwili. Dalenda akapita na mkate kwapani.

"Dalenda, limekunjika. Njoo ulione."

"Mungu akuponye," akajibu Dalenda, wala hakusimama.

Mama akaendelea kukunja na kukunjua mguu, bila sauti. Nilisubiri kidogo, kisha nikaondoa kikombe kimoja.