Jivu Mlangoni mwa Banda

Yuliana alikuwa mtu wa kushuku tangu kwao Masasi. Akiambiwa njia imefungwa, alikwenda kuiangalia mwenyewe. Akipunguziwa bei sokoni, alirudisha mzigo, kwa kuwa lazima ulikuwa na kasoro. Mumewe Albano, mchonga vinyago aliyeshinda mjini wiki nzima na kurudi Jumamosi, alisema siku ya ndoa yao bibi harusi alitaka kujua padre alisomea wapi. Yuliana hakucheka. Alisema wanaoamini kila mtu ndio wanaoibiwa.

Mtu mmoja tu alipita kwenye chekecheke lake: Hamisa, Mzaramo wa pale pale Kinyerezi, ambaye shamba lake na la Yuliana yalitenganishwa na mstari wa minanasi. Yuliana alipohamia mwaka sitini na tisa, hana hata kuku, Hamisa alimletea bata majike wawili na dume mmoja. Walikuwa wale bata wetu wa pwani, weusi kwa weupe, wenye uso mwekundu wa vinundu, wasiojua kulia bali kupumua tu kwa hasira.

"Shoga," Hamisa alimwambia, "wakitotoa, uzao wa kwanza tutagawana. Baada ya hapo ni wako."

Walipogawana, mpaka ukafutika. Bata wa Hamisa akigoma kuatamia, mayai yalivushwa juu ya minanasi yakawekwa chini ya bata wa Yuliana. Mmoja akienda kwenye foleni ya unga, mwenzake aliwamwagia bata wote pumba na maji. Kwa miaka saba hakuna aliyehesabu yai wala kifaranga, na kwa mwanamke aliyehesabu hata vijiti vya kiberiti hilo halikuwa jambo dogo.

Mwaka sabini na tano akaja Audax, mtu wa Bukoba, karani kwenye shamba moja la mifugo la serikali. Albano alikuwa amemchongea kinyago, naye akalipa kwa bata dume wa kizungu, mweupe pe, mdomo wa njano, mwenye kelele za kuamsha mtaa. Kabla ya kuondoka alimwonya Yuliana asimwachie dume yule kwa majike wake wa pwani. Alimwambia aje shambani kwao wiki inayofuata, atamtafutia majike wa kabila la dume huyo.

Yuliana alimtazama akipotelea njiani. Kumbe ndiyo biashara yao, alimwambia Albano, wanakupa dume bure ili ukanunue majike kwao. Jioni hiyo hiyo akamfungulia dume mlango wa banda.

Vifaranga waliotoka walikuwa wa ajabu. Walikua haraka, vifua vipana, weupe wenye madoa, na watu waliokuwa wakipita walisimama kuwatazama. Hamisa naye aliwasifu, lakini alipoona Yuliana anataka kuuza bata wa zamani wote alimsihi abakize hata wawili, maana hao ndio wanaojulikana. Yuliana akajisemea moyoni kwamba shoga yake ameanza kuona kijicho. Akawauza wote kwa mchuuzi wa Gongo la Mboto. Dume mweupe alichinjwa Krismasi, na aliyemchinja ni mume wa Hamisa, ili nyumba zote mbili zile nyama bila mtu kujiuliza. Banda likabaki na bata wapya watupu.

Basi hao wapya walipoanza kutaga, mayai yao yalikuwa madogo. Yuliana akachagua kumi na mawili, akamwatamisha aliyetulia kuliko wote. Siku thelathini na tano zikapita, zikafika arobaini. Alipopasua, yote yalikuwa viza, na harufu ilikaa bandani siku tatu. Akarudia, ikawa vile vile. Safari ya tatu hata yai moja halikutoa mdomo. Bata ndio waliomvalisha binti yake Bernadeta sare ya shule, ndio walionunua unga mwaka ule wa njaa, wa unga wa njano wa msaada ulioitwa yanga. Asipopata vifaranga msimu ule, angebaki na bata wa kuliwa tu, na ufugaji wake ungeishia hapo.

Na ng'ambo ya minanasi, bata wa Hamisa alikuwa akipita na vifaranga kumi na mmoja nyuma yake.

Hapo tabia ya zamani ikaamka, na ilikuwa imelala kwa muda mrefu ikiwa na njaa. Yuliana alianza kukumbuka mambo. Hamisa alisema lini kwamba mayai ni madogo? Kabla hata hajaonyeshwa. Kwa nini siku hizi anauliza foleni itachukua muda gani? Yuliana alikwishasikia kwamba yai likitikiswa kwa nguvu halitotoi tena. Nani ana nafasi ya kutikisa? Kila jibu lilirudi kwenye mlango ule ule.

Safari ya nne aliyawekea mayai alama ya mkaa, akachekecha jivu la jikoni mlangoni mwa banda, jembamba na sawasawa, kisha akaaga kwa sauti kwamba anakwenda duka la ushirika. Alikwenda kweli. Aliporudi, jivu lilikuwa na nyayo za mtu, zinaingia na zinatoka. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole kidogo. Hamisa alikatwa kidole hicho na jembe akiwa mtoto, Kinyerezi nzima ilijua.

Yuliana hakuvuka kwenda kuuliza. Angeuliza, hadithi hii ingekuwa nyingine. Alikwenda moja kwa moja kwa balozi wa nyumba kumi, Mwalimu Gaspar, aliyefundisha kisomo cha watu wazima na kupenda mambo yaandikwe. Jumapili alasiri watu walikaa kwenye mabenchi ya kisomo, na Yuliana akaeleza yote: viza mara tatu, jivu, nyayo. Alisema Hamisa anamharibia mayai. Alilisema mbele ya watu thelathini, na alipolisema alijisikia mwepesi, Mungu amsamehe.

Balozi akamuuliza Hamisa kama nyayo ni zake. Hamisa alikubali. Alisema zimekuwa zake tangu mayai ya kwanza.

"Bata wako hana shimo la maji, lile limekauka," alisema, akimwangalia Yuliana na si balozi. "Bata anayeatamia hurudi kwenye mayai akiwa amelowa. Akirudi mkavu, ganda linakauka na kifaranga anafia ndani. Nilikuwa nayanyunyizia mayai yako maji."

Mtu mmoja alicheka. Balozi aliandika kwamba ushahidi haukutosha na majirani waishi kwa amani. Wiki hiyo hiyo mume wa Hamisa alisimamisha ua wa makuti mahali pa minanasi.

Mayai ya safari ya nne nayo yakawa viza, na safari hii hakuna aliyeingia bandani ila Yuliana.

Audax alipita mwezi uliofuata kumtafuta Albano. Aliwaona bata, akauliza mama zao wako wapi, na alipojibiwa akashika kiuno. Akaeleza polepole, kama anayemweleza mtu habari ya msiba, kwamba dume yule na bata wa pwani si damu moja. Watoto wao huwa wakubwa na wazuri, lakini ni tasa, kama anavyozaliwa mtoto wa punda na farasi. Hata wakitaga na kuatamia mwaka mzima, hakuna kitakachotoka.

"Lakini nilikuambia, mama," alisema.

Yuliana alisema ndiyo, aliambiwa. Aliambiwa na wawili.

Ilimchukua siku nne kuzunguka ua. Alipiga hodi kama mgeni, akasema kosa lake bila kulipunguza, na aibu ilimchoma hadi masikioni. Hamisa alimsikiliza amesimama. Kisha aliingia ndani akatoka na kikapu cha mayai kumi na mawili ya bata wa pwani, na kila yai lilikuwa na alama ya mkaa.

"Hesabu mbele yangu, Mama Bernadeta."

Yuliana alihesabu. Katikati alipotea, ikabidi aanze upya. Akamwomba angalau aje kumwonyesha namna ya kunyunyizia maji.

"Kwako siingii bila shahidi," Hamisa alisema. Hakulisema kwa ukali.

Mayai yaliwekwa chini ya mmoja wa wale bata tasa, ambao walijua kuatamia hata kama hawakujua kuzaa. Yuliana aliyanyunyizia maji mwenyewe. Siku ya thelathini na tano wakatoka kumi, weusi kwa weupe. Watano aliwapeleka kwa Hamisa kama desturi inavyotaka, naye Hamisa aliwahesabu, akashukuru, akafunga mlango wa ua.

Banda likajaa tena. Bernadeta alimaliza shule kwa bata hao. Lakini kila alipokwenda kwenye foleni, Yuliana bado alichekecha jivu mlangoni, jembamba na sawasawa, na aliporudi aliinama kulitazama kabla ya kutua unga kichwani. Kulikuwa na nyayo za bata tu.