Nilijikausha maji mwilini ili koti lifunge, nusura nikose mke Pongwe

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikuta mwenyewe, na ukoo mzima wa wakwe ni mashahidi.

Mwaka jana nilikuwa naoa. Mimi wa Ngamiani, binti wa Pongwe. Nikaapa nitavaa koti la marehemu baba, lile aliloolea yeye. Shida ni kwamba mzee alikuwa mwembamba, mimi nina kitambi.

Zimebaki siku tatu, nikasoma mtandaoni kuwa sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji. Nikajiona nimepata dawa: nikiyatoa, napungua.

Nikaacha kunywa maji. Bibi akanichemshia mchaichai na mwarobaini, nikajifunika blanketi na kujifukiza asubuhi na jioni. (Alidhani nina mafua, maskini.)

Mizani ikashuka kilo tatu! Nilitamba kijiweni mpaka wakanichoka.

Siku ya ndoa koti likafunga, ila kwa kubana pumzi. Mdomo mkavu, kichwa kinagonga, mkojo rangi ya chai.

Tukakaa mkekani, mkono wangu umeshikwa na baba mkwe. Akatamka, "Nakuoza binti yangu Zuhura."

Wakuu, msuli wa paja ukakaza ghafla! Badala ya kujibu nimekubali, nikapiga ukelele, "Mama yangu, nakufa!"

Baba mkwe akauchomoa mkono wake. "Sheikh, mimi simuozi mtu kwa kumlazimisha."

Ndani kwa wanawake ikafika habari kwamba nimekataa. Zuhura akatuma jibu: "Mwambieni kama hanitaki aseme taratibu, majirani wanasikia."

Nilitaka kulia, hata machozi hayakutoka. Nampenda yule binti jamani.

Akaingia shangazi yake, muuguzi. Akanifinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. "Umekunywa maji lini?"

Nikakiri yote mbele ya wakwe.

"Mwanangu," akasema, "maji mengi ya mwili yamo ndani ya seli, kwenye misuli huko. Mengine yako baina ya seli na seli. Ya kwenye damu ni machache, na jasho linaanza kuchota hapo. Damu ikipungukiwa inavuta kwa majirani. Hicho kitambi ni mafuta, maji yake kiduchu. Umeikausha damu, tumbo umeliacha pale pale."

Watu wakaangua kicheko, baba mkwe akiwa wa kwanza. Hapo nikajua bado nina mke.

Nikanyweshwa madafu ya wageni yaliyotoka Pangani, na chumvi kidogo. Baadaye mkono ukashikwa tena. Nikasema nimekubali kabla mzee hajamaliza kutamka, sheikh akaturudisha mwanzo, eti nimewahi.

Funzo: mwili siyo ndoo useme unamwaga juu tu. Ukitaka kupunguza tumbo, punguza sahani.

Siku hizi Zuhura ananiwekea jagi la maji kila asubuhi. Nikisitasita ananiuliza, "Umekubali, au niwaite wazee?"

Nakunywa haraka sana.

Nanyi mliojitesa ili nguo iwatoshe, tiririkeni hapa. Mkinicheka, chekeni polepole, anasoma begani kwangu.