Nimesaidia Tu

Chuoni walimwita Langi, na yeye aliitika. Angefanyaje? Jina alijitakia mwenyewe wiki ya kwanza kabisa, pale mwalimu alipowataka wanafunzi wapya wa ubunifu wa michoro wasimame mmoja mmoja waeleze kilichowaleta. Alisimama, akafuta viganja kwenye sketi, akasema kwa sauti safi ya mtu aliyejiandaa: "Mimi nimependa langi tangu utoto." Darasa likaangua kicheko. Tuseme kweli, hakikuwa kicheko cha uadui. Vijana wale walikuwa na woga wa ugeni, wakapata pa kuutulizia. Lakini anayechekwa hana mizani ya kupimia aina za vicheko. Tangu siku hiyo akawa Langi mpaka kwa mpishi wa kantini.

Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumcheka, kwa sababu nyumbani kwao wote walisema hivyo hivyo. Mama yake, fundi wa kushona sare za shule, alisema langi, akasema kalatasi, akawaamkia majirani "habali za asubuhi", nao wakamjibu kuwa ni nzuli. Lugha waliyozaliwa nayo haikuwa na sauti mbili pale, ilikuwa na moja tu, na hiyo moja iliwatosha kulea watoto, kugombana na kupatana. Binti angesomea ufugaji wa nyuki, pengine angepita salama: nyuki, mzinga, nta, asali. Lakini yeye, katika kazi zote za dunia hii, akaichagua ile isiyosemeka bila herufi inayomshinda. Rangi. Herufi. Mstari. Duara. Karatasi. Mchoro wenyewe!

Alijaribu kujifunza, msimdhanie mvivu. Alikaa mbele ya kioo na kalamu katikati ya meno akakoroma mpaka mate yakamchuruzika. Basi ikaja, lakini ikaja kwa fujo, ikaingia hata pasipo pake. Siku moja aliwaaga wenzake bwenini kwamba amechoka, anakwenda kurara. Walicheka siku hiyo kuliko siku ya kwanza. Akaona bora asiiite tena.

Ndipo akajifunza ufundi wa pili, ambao haumo kwenye mtaala wowote: kuyazunguka maneno. Hakusema rangi, alitaja nyekundu, njano, kijani, moja baada ya nyingine. Herufi aliziita fonti. Karatasi aliiita "hii". Duara alilichora hewani kwa kidole. Mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa na r, Langi alitazama dirishani kama asiyejua, na aliyejua nusu yake akajibu akapata sifa nzima. Wapo waliosema ni mpole. Wapo waliosema anaringa. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa, kutwa, na woga wa namna hiyo unachosha kuliko kubeba mawe.

Kazi yake lakini, ilikuwa haina kigugumizi. Mnaojua kompyuta mnajua: wapo wanaomwaga kila kitu kwenye ukurasa kama wanaohama nyumba, na wapo wanaojua pa kuacha wazi. Langi alijua pa kuacha wazi.

Rafiki yake alikuwa kijana mmoja wa darasa lao aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Kazi zake zilikuwa za hivi hivi, lakini mdomo wake ungeweza kumuuzia bata mwavuli. Wakawa chanda na pete. Langi alichora, Redio akasimama mbele kueleza, na alama wakagawana. Cha ajabu ni kwamba hata jina la rafiki yake huyo wa pekee halikumpita vizuri mdomoni, kwa hiyo alimwita "wewe". Redio aliona ni mapenzi ya kirafiki tu. Hakuuliza.

Mwaka wa mwisho ukafika, na pamoja nao habari iliyomkosesha Langi usingizi: kampuni kubwa ya matangazo ingekuja chuoni kuchagua mwanafunzi mmoja wa kujiunga nayo. Kazi ziandaliwe wawili wawili, maana ofisini hakuna afanyaye kazi peke yake. Lakini kiti ni kimoja. Wenzake wengi walilichukulia kama mchezo wa bahati nasibu. Huyu ana mjomba mwenye kiwanda cha uchapaji, yule ana kompyuta yake mezani kwake. Langi alitegemea kompyuta za maabara ya chuo. Siku chuo kitakapomfungia mlango, atakuwa mbunifu wa kichwani tu, na jioni atakuwa anashona vifungo pembeni ya mama yake. Kiti kile alikitaka kwa roho yake yote.

"Na wakimtaka mmoja wetu?" alimuuliza Redio siku waliyoandikisha majina.

"Tukishinda tutajua," Redio alijibu. Na hilo ndilo lote walilowahi kuliongea.

Mada ilikuwa kuhamasisha watu wachangie damu. Kila jozi ilikimbilia nyekundu: matone mekundu, mioyo myekundu, misalaba myekundu, ukuta wa maabara ukawa kama machinjio. Langi hakuweka nyekundu hata chembe. Alichora mkono mmoja, mkono wa shati umekunjwa hadi juu ya kiwiko, kiganja kimefunguka, juu ya kijani kilichopauka cha shuka za hospitali. Chini, upande wa kushoto, maneno manne: *Mkono wako si mtupu.* Kila mtu anaijua methali ya mkono mtupu, kwa hiyo hapakuhitajika maelezo. Na ukiyachunguza maneno hayo manne utaona hayana r wala l. Aliyatunga ili hata yeye aweze kuyatamka.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, mama yake alikuwa kwenye cherehani, rundo la kola nyeupe mapajani.

"Kesho utasema nini?" mama aliuliza, mguu haujaacha pedali.

"Mwenzangu ndiye ataongea."

"Kwa nini yeye? Kazi si yako? Si nilikuona mwenyewe hapa unachola kwenye daftali, usiku na mchana unachola?"

Langi alikuwa na wasiwasi tangu asubuhi, na mtu mwenye wasiwasi humfokea aliye karibu. "Siyo kuchola, Mama!" alipaza sauti. "Ni kuchola!"

Wote wawili walilisikia. Pedali ikasimama.

"Kwani mimi nimesemaje?" mama aliuliza polepole. Kisha akaelewa, na ingekuwa afadhali asingeelewa. Aliyaelewa yote kwa mara moja: ukimya wa binti yake, marafiki wasioletwa nyumbani, mwaliko wa siku ya wazazi ambao haukufika. "Basi ni mimi niliyekuhalibu mdomo," alisema.

"Sijasema hivyo, Mama."

"Hujasema. Nimeona." Akarudisha mguu kwenye pedali, akashona kola ile ile aliyokwisha kuishona.

Langi aliona aibu ambayo hajawahi kuionea kicheko chochote cha darasani. Alitaka kumwambia mama yake kwamba mdomo huo ndio uliomwimbia, uliomwombea, uliomgombania shuleni. Hakusema. Alikwisha kuzoea kutosema.

Kesho yake walipangwa kwenye ukumbi mdogo wa mikutano, projekta ikiunguruma. Kutoka kampuni walikuja watu watatu, na aliyekuwa na neno la mwisho alionekana mara moja: mama wa makamo mwenye kampuni, miwani imening'inia shingoni, mtu asiyecheka hovyo wala kununa hovyo. Wanafunzi wengine walikaa nyuma kusikiliza.

Redio siku hiyo alikuwa kwenye masafa yake. Alitembea, alitulia, alishusha sauti penye uchungu akaipandisha penye matumaini. Alianza vizuri. Tuliona watu wanaogopa. Tukajiuliza kwa nini. Tukaamua. Kisha, katikati ya njia, bila kona wala breki, "tuliona" ikageuka "niliona". Niliona nyekundu inatisha. Nikasema hapana, tuijaribu kijani. Langi aligeuza shingo kumtazama. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, aliyompa Redio maabara, mengine kwa mdomo, mengine kwa kuonyesha kidole. Redio hakugeuka.

"Hizo herufi za chini," yule mama aliuliza, "mbona zimekaa kushoto, hazikukaa katikati?"

"Zinapendeza zaidi pale, Mama," Redio alijibu bila kusita.

Yule mama alivaa miwani, akalitazama bango, akavua. Akamgeukia Langi. "Na wewe, binti yangu? Kazi yako hapa ilikuwa ipi?"

Jibu lilikuwepo. Rangi ni zangu, herufi ni zangu, mchoro wote ni wangu. Fupi, kweli, na kila neno lina mwiba katikati. Alilizungusha kichwani akitafuta pa kupenya. Kushoto hakuna. Kulia hakuna. Nyuma yake alisikia mtu amebana pumzi, na aliijua pumzi ile. Ni ya mtu anayesubiri kucheka.

"Nimesaidia," alisema. Kisha akaongeza, ili amalize, "Nimesaidia tu."

"Umesaidia nini?"

"Vitu vidogo vidogo."

Mbunifu huyo, aliyejua pa kuacha wazi, alikuwa amejiacha wazi yeye mwenyewe. Na tusimtetee Redio. Alikuwa na nafasi hapo, nafasi ya sentensi moja, "Hapana, Mama, huyu ndiye mwenyewe." Kijana asiyekuwa na kitufe cha kuzimia siku hiyo alizimika, akakagua viatu vyake.

Kabla ya saa ya chakula jina lilikwisha kutangazwa. Lilikuwa la Redio.

Alimfuata Langi hadi getini. "Usinikasirikie," alisema. "Uliulizwa mbele ya watu wote. Mimi ningesemaje, kwamba mwenzangu anadanganya?"

"Ungesema ukweli."

"Na wewe je?"

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hawakusema lolote juu ya aliyekuwapo akalikana lake.

"Sikiliza," Redio aliendelea, sasa kwa upole, na upole wake uliuma zaidi. "Nikianza pale nitakuwa nakutumia kazi kimya kimya. Wewe unachora, mimi naongea. Kama siku zote."

Kama siku zote. Langi aliyasikia maneno hayo njia nzima ya kurudi kwao, na usiku kucha. Aliona miaka yake yote imepangwa mbele, yeye kwenye chumba fulani, mwingine ukumbini akisema niliona. Kabla jua halijapanda akawa ameshavaa.

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofani, sakafu inayong'aa, mabango yao ukutani. Msichana wa mapokezi aliuliza anamtaka nani.

"Mkulugenzi," Langi alisema.

Msichana alibana midomo. "Nani?"

"Mkulugenzi. Mama mwenye kampuni."

Bahati njema au mbaya, mama mwenyewe alikuwa anaingia na mkoba wake. Alimtambua. Alisimama.

"Mama, samahani," Langi alisema, na hakujipa nafasi ya kuchagua maneno. "Jana sikusema kweli. Langi za lile bango ni zangu. Helufi nilizipanga mimi. Zimekaa kushoto kwa sababu mkono unatokea kulia, ukiziweka katikati zinaukata. Mcholo wote ni wangu, tangu mstali wa kwanza."

Msichana wa mapokezi alikohoa, kikohozi kikageuka kicheko, naye akajifunika uso kwa faili. Vijana wawili waliokuwa wanapita waligeuka. Uso wa Langi ulikuwa unawaka. Lakini alibaki amesimama, na sentensi yake yote ilikuwa imeshatoka.

"Najua," yule mama alisema.

"Ulijua, Mama?"

"Aliyezipanga herufi zile asingeniambia zinapendeza. Ndiyo maana nikakugeukia wewe. Nilikuuliza kwa makusudi, tena mara mbili."

"Niliogopa kuchekwa."

"Na leo umechekwa. Umekufa?"

Langi alitikisa kichwa.

Yule mama hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomtisha Langi. "Binti yangu, hapa mteja anakuja anakwambia kazi yako ni mbaya, ibomoe. Lazima awepo wa kuisimamia. Jana nilikuwa na watu wawili mbele yangu. Mmoja anaitetea kazi isiyo yake, mwingine anaikana iliyo yake. Nikamchukua anayetetea. Sikufurahi, tutaonana naye mbele ya safari, lakini ameshasaini, na kiti ni kimoja." Akashika mkoba wake vizuri. "Ungenipa sentensi hiyo jana, na hizo l zako zote, ungekuwa unaanza kazi leo."

Mficha uchi hazai, walisema waliojua.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Mama yake alikuwa mlangoni, futi ya kupimia shingoni, amesimama pale muda mrefu. Ilionekana kwa jinsi alivyoegemea.

"Wamesemaje?" aliuliza. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba asijibiwe: "Ni mdomo, siyo?"

"Hapana, Mama. Mdomo leo umefanya kazi yake. Nimechelewa tu."

"Umechelewa vipi, na ulitoka hapa alfajili?"

"Siyo kufika, Mama," Langi alisema. "Nimechelewa kusema."